Bwana akifa ukimbizini, mali yake ni ya nani?

 Leo mazungumzo yetu ni juu ya urithi.

Najua kuna watakaocheka. Watasema: urithi gani, na sisi tulikimbia na sufuria moja na blanketi? Nyumba ilichomwa, ng'ombe waliliwa, shamba linalimwa na mtu tusiyemjua. Ndugu yangu, ni kwa sababu hiyo tunazungumza. Kukimbia hakumnyang'anyi mtu haki ya shamba lake. Na baba akifa ukimbizini, shamba lile alilokimbia ni sehemu ya urithi wake, hata kama kwa leo hakuna anayeweza kulikanyaga.

Vita vya 1993 kule Masisi, vya 1996, vya 1998, na vingine vyote vilivyofuata hapa Kivu, vimeua wababa wengi mbali na nyumba zao. Watu wanaporudi kijijini, tunategemea ugomvi wa kabila na kabila. Huo upo, siukatai. Lakini kaa siku moja tu kwenye baraza la mkubwa wa kijiji usikilize mashauri: mjane na shemeji zake, watoto wa nyumba kubwa na watoto wa nyumba ndogo, dada na kaka. Watu wa tumbo moja wanaitana adui kwa sababu ya kiwanja. Na mara nyingi kila mmoja anaamini kabisa kwamba haki iko upande wake, kwani hakuna aliyewahi kumwambia sheria inasemaje.

Basi sheria inasemaje? Kongo tuna Sheria ya Jamaa, namba 87-010, ya tarehe 1 Agosti 1987. Ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016 kwa sheria namba 16/008. Ni moja kwa nchi nzima: kwa Mushi, kwa Muhunde, kwa Munande, kwa Muhutu, kwa Mututsi, kwa Murega, kwa kila mtu. Sisemi kwamba desturi haina kazi. Desturi inasaidia sana watu kusikilizana. Lakini pale desturi inapomfukuza mjane au inapomnyima binti, sheria ndiyo inashinda mbele ya mahakama.

Kabla ya kugawanya kitu chochote, kuna swali moja ambalo jamaa nyingi zinaliruka: kipi kilikuwa cha marehemu, na kipi hakikuwa chake? Hapa ndipo wajane wengi wanaibiwa, na mwizi mwenyewe mara nyingine hajui kama anaiba.

Siku watu wanapooana kwa sheria, wanaruhusiwa kuchagua namna mali yao itakavyokaa. Namna ni tatu: kila mmoja na mali yake, au mali yote kuwa moja, au mali waliyoipata pamoja baada ya ndoa kuwa ya wote wawili, na ile ya zamani kubaki ya mwenyewe. Wasipochagua, sheria inawahesabia hiyo ya tatu. Maana yake ni hii: kama bibi na bwana walinunua ng'ombe na shamba wakiwa wameoana, basi siku bwana anapokufa nusu ya vitu hivyo ni mali ya bibi. Haiitwi urithi, maana ilikuwa yake tangu zamani, bwana akiwa hai. Urithi unaanzia kwenye nusu iliyobaki.

Tuchukue jamaa ya mfano. Baba amekufa, ameacha mke wake wa halali na watoto watatu, wavulana wawili na msichana mmoja. Baba yake na mama yake wangali hai, na ana ndugu wanne. Pamoja na mke wake walikuwa wamepata ng'ombe 24. Madeni hakuna (kama yapo, yanalipwa kwanza, mtu asirithi ng'ombe akamwachia jirani deni).

Ng'ombe 12 ni za mjane, nusu yake. Ng'ombe 12 zilizobaki ndizo urithi wa marehemu. Watoto ni warithi wa kwanza, na fungu lao ni robo tatu: ng'ombe 9, kila mtoto 3, msichana sawa na wavulana. Robo inayobaki, ng'ombe 3, ni ya warithi wa pili, nao ni makundi matatu: mjane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Kila kundi linapata sehemu moja ya kumi na mbili. Kwa hiyo mjane anapata ng'ombe 1, baba na mama wa marehemu pamoja wanapata 1, na ndugu wote wanne pamoja wanapata 1.

Rudia hesabu hiyo polepole. Mjane ana ng'ombe 13. Watoto wana 9. Ndugu wanne wa marehemu wana ng'ombe mmoja, kwa wote wanne. Sasa linganisha na yale tunayoyaona siku ya kumaliza matanga, pale mdogo wa marehemu anaposimama na kusema zizi lote ni lake kwa sababu yeye ndiye aliyebaki mwanaume katika nyumba. Kama kundi moja halipo, kwa mfano wazazi walikwisha kufa, hesabu ya ile robo inabadilika, uliza mtu wa sheria. Fungu la watoto halishuki chini ya robo tatu. Na marehemu akiwa hakuacha mtoto wala mjukuu, urithi unakwenda kwa yale makundi matatu, mjane akiwa ndani. Wajomba, baba wadogo na shangazi wanakuja nyuma kabisa, wakati hakuna mtoto, hakuna mjane, hakuna mzazi, hakuna ndugu.

Wazee wengine wananiambia: binti ataolewa, atalipeleka shamba letu kwenye ukoo wa watu wengine. Nawaelewa. Shamba la babu si kitambaa cha kuuzwa sokoni. Lakini nawajibu kwamba hata mvulana anaweza kuliuza akanywa pesa zote, tumewaona, na hakuna aliyesema wavulana wasirithi. Kuna njia za kupatana. Binti anaweza kukubali kaka zake wabaki na shamba, nao wakampa thamani ya fungu lake kwa ng'ombe au kwa pesa. Mkubwa wa kijiji anaweza kusimamia mapatano hayo vizuri kuliko hakimu, kwa sababu anawajua wote. Sharti ni kwamba binti mwenyewe akubali, akiwa amekwisha kuelezwa kwamba fungu ni haki yake. Mapatano anayotiwa mkononi akiwa analia si mapatano.

Niseme pia juu ya watoto wa nje na juu ya nyumba ya pili, ingawa najua ni neno chungu. Sheria yetu inatambua mke mmoja. Mwanamke wa pili, hata kama aliishi na marehemu miaka ishirini na kulima naye, sheria haimhesabu kama mke anayerithi. Mimi naona hilo ni gumu kwa wamama hao, na baba mwenye akili anapaswa kulifikiria akiwa hai. Lakini watoto wake ni neno lingine. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, kama baba yake alimtambua kwa sheria akiwa hai, yumo katika warithi wa kwanza na fungu lake ni sawa na la wale wa ndoa. Vivyo hivyo mtoto aliyelelewa kwa hati ya kumfanya mtoto wa nyumba. Kwa hiyo wewe baba unayesikiliza, ambaye una mtoto mahali fulani na unaona haya kwenda ofisi ya etasivili kumwandikisha: haya yako leo ndiyo vita ya watoto wako kesho.

Na nyumba je? Mjane anaendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na bwana wake na kutumia vyombo vyake. Haiuzi, kwa sababu watoto wana fungu lao, lakini hakuna wa kumtoa. Mashamba yaliyoshikana na nyumba, ambayo marehemu alikuwa akiyalima mwenyewe, mazao yake nusu ni ya mjane na nusu ya watoto. Nyumba ikipangishwa, kodi inagawanywa vilevile, nusu kwa nusu. Na sheria haisemi mwanamke tu. Bwana aliyefiwa na mke wake ana haki hiyohiyo.

Mjane hashikwi pamoja na mali, wala kufiwa hakumfanyi mke wa shemeji yake. Ndoa inataka mtu akubali kwa mdomo wake. Shemeji anayesema "nyumba hii utakaa kama utakuwa mke wangu" anamtoza mjane kwa kitu ambacho tayari ni haki yake.

Sasa jambo linaloleta kelele nyingi kuliko yote: mkubwa wa jamaa. Sheria inasema kama hakuna wasia, mkubwa kwa umri kati ya warithi ndiye anayeshughulika na kugawanya urithi, au akikataa, yule ambaye warithi wenyewe watamchagua. Watu wa mahakama wanamwita likwidateri. Kazi yake ni kuandika orodha ya mali, kulipa madeni, kudai madeni, kisha kugawanya kama sheria inavyosema. Yeye ni mtumishi wa warithi. Hakupewa mali, amepewa kazi. Nimeona jamaa iliyoharibika kabisa kwa sababu mwana wa kwanza alishikishwa ufunguo wa nyumba siku ya mazishi, naye akafikiri ameshikishwa nyumba. Mkubwa wa kijiji akiitwa kushuhudia uchaguzi huo, aseme maneno haya mbele ya watu wote, na karatasi iandikwe na kutiwa sahihi.

Baba au mama anaweza kupunguza ugomvi huu mapema kwa kuacha wasia, ile tunayoita testama. Namna ziko tatu. Ya kwanza ni kwenda mbele ya notere au ofisa wa etasivili, akaiandika pale. Hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, maana karatasi inabaki ofisini. Ya pili ni kuiandika mwenyewe kwa mkono wako mwanzo hadi mwisho, ukatia tarehe na sahihi. Usisahau tarehe. Ukiandika mpya miaka mitano baadaye, tarehe ndiyo itakayoonyesha ipi ni ya mwisho, kwani wasia unabadilishwa wakati wowote mwenyewe akiwa hai. Ya tatu ni ya mdomo, kwa mtu anayeona kifo kiko karibu, mbele ya mashahidi wasiopungua wawili, watu wazima. Ukimbizini hiyo ndiyo tunayoisikia mara nyingi. Lakini ya mdomo ina mipaka: inafaa kwa mambo ya mazishi, ulezi wa watoto, zawadi ndogo. Huwezi kugawanya mashamba yote ya ukoo kwa maneno ya usiku mmoja ndani ya hema. Mashahidi waandike upesi walichosikia, kabla kila mmoja hajaanza kukumbuka kwa namna yake.

Na hakuna wasia, hata wa notere, unaoweza kula fungu la watoto. Baba hawezi kuandika "mali yote kwa mwanangu wa kwanza" na wengine wakabaki mikono mitupu. Watoto hao wakienda mahakamani, robo tatu yao itarudishwa.

Je, kuna mtu anayeweza kukosa urithi kwa sababu ya matendo yake? Ndiyo. Aliyehukumiwa kwa kumwua marehemu kwa makusudi. Aliyevunja kwa makusudi uhusiano na marehemu wakati wa uhai wake. Aliyemwacha bila matunzo katika ugonjwa wake wa mwisho, hali alikuwa na wajibu wa kumtunza na alikuwa na uwezo. Tafadhali sikilizeni neno "kwa makusudi". Mtoto aliyekuwa upande wa pili wa mstari wa vita, njia zimefungwa, hakumwacha baba yake. Siku hizi mashtaka ya namna hiyo yanarushwa hovyo kwenye kilio ili kupunguza idadi ya warithi. Yanahitaji ushahidi mbele ya mahakama, hayaamuliwi na hasira za ndugu.

Tuje kwenye ardhi. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, ardhi ni ya Serikali, na mtu anapata haki ya kuitumia. Kwa kiwanja cha mjini, hati yenye nguvu ni ile ya uandikishaji inayotolewa na konsevateri wa hati za ardhi, ile watu wanaita setifika. Kama hati iko kwa jina la marehemu, warithi waende kuibadilisha. Ikikaa miaka kumi na jina la mfu, mjanja mmoja ndani ya jamaa atauza kiwanja kichinichini, na mnunuzi naye ataleta watoto wake wakae humo. Halafu mtapigana na nani?

Vijijini wengi hawana setifika. Wana ardhi ya desturi, na hapo ni lazima kujua baba aliipata kwa njia gani. Chukueni Bushi, kule Walungu na Kabare. Aliyelipa kalinzi kwa mwami au kwa mkubwa wa ardhi alipata shamba ambalo linashuka kwa watoto wake. Lakini aliyekuwa na bwasa amekodi tu, kwa muda, na watoto wake hawarithi shamba lile. Nimeona vijana wakitoleana mapanga juu ya shamba ambalo baba yao alikuwa amelikodi kwa bwasa! Kabla ya kudai, uliza wazee waliokuwepo: ilikuwa kalinzi au bwasa? Nani alishuhudia?

Wazee hao nao wanakufa, na wengine wamekimbia upande tofauti na sisi. Ndiyo maana nawaomba jamaa zote za wadeplase zifanye kazi moja juma hili, isiyohitaji pesa nyingi. Chukueni daftari la shule. Andikeni jina la shamba au la kilima, lokalite, grupima, mipaka yake (mto, mti, jiwe, njia), majina ya majirani wa pande zote nne, mwaka lilipopatikana na kwa njia gani, na majina ya watu wanaojua. Andikeni nyumba, ng'ombe, madeni mnayodai na mnayodaiwa. Andikeni watoto wote, wote kabisa, na mama zao. Baba na mama watie sahihi au kidole, na mkubwa wa kambi au wa kijiji atie sahihi kama shahidi. Fanyeni nakala tatu, na zisikae katika mfuko mmoja. Watu wa Goma wanajua: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipoingia mjini, na tena tarehe 22 Mei 2021, wengi walitoka na watoto mkononi na makaratasi yakabaki nyuma. Nakala iliyowekwa kwa ndugu anayeishi mji mwingine ndiyo iliyobaki. Daftari hilo si setifika wala si wasia. Ni ushahidi, na mbele ya baraza ushahidi wa maandishi ni bora kuliko kelele.

Pamoja na daftari, angalieni karatasi za watu. Ndoa ya mahari bila kuandikishwa inampa mjane shida kubwa siku shemeji wanaposema "huyu hakuwa mke, alikuwa mgeni". Ndoa ya kijijini inaandikishwa kwa ofisa wa etasivili. Kama mlichelewa, nendeni mkaulize mahakama ya amani namna ya kusahihisha. Mtoto anaandikishwa katika siku 90 baada ya kuzaliwa, na aliyepita siku hizo anahitaji hukumu ya mahakama. Kifo nacho kinaandikishwa, pale kilipotokea, hata kama ni kambini. Mjane asiye na karatasi ya kifo hawezi kugeuza hati, wala kudai mshahara wa mwisho wa bwana wake.

Wamama wengi wanauliza swali ambalo ni zito kuliko yote: je, kama bwana hakufa machoni pangu? Alitoka kwenda kutafuta chakula, au alichukuliwa njiani, na tangu siku hiyo hakuna habari. Mama, bwana aliyepotea hahesabiwi kuwa amekufa kwa sababu tu shemeji wamechoka kungoja. Mtu asigawanye mali yake. Kama mwili haukupatikana lakini mambo yalivyotokea yanaonyesha wazi kwamba alikufa (watu waliona mtumbwi ukizama, au waliona nyumba ikiungua naye ndani), mahakama inaweza kutoa hukumu ya kutangaza kifo, na hukumu hiyo inafanya kazi kama karatasi ya kifo. Kama hakuna dalili ya kifo, ila kimya tu, sheria inaita hali hiyo kutokuwepo, nayo ina njia yake mbele ya mahakama: kwanza mali inapata mtu wa kuitunza, na baadaye kabisa, muda wa sheria ukipita, ndipo neno la urithi linaweza kusikilizwa. Ukienda mahakamani chukua karatasi ya ndoa kama unayo, majina ya walioshuhudia siku ile, jina la mahali na tarehe mliyoonana mwisho. Kama tarehe huikumbuki, taja soko la siku ile, au mavuno yalikuwa ya nini. Karani ataandika.